Mtufaha wa Mke Wangu Kwenye Ghala la Karoti

Mimi hakuna kitu cha kunishangaza hapa duniani. Nimeishia darasa la nne, na leo kontena zangu zinapita bandari ya Dar zikiwa na alama niliyoichora kwa mkono wangu mwenyewe. Kichina nimejifunzia kwenye ngazi za maduka ya nguo ya Guangyuan Xilu, mjini Guangzhou, nikitukanwa na kutukana. Waliosoma huja kuniuliza mimi kitambaa kipi kitachuja. Nakisugua kwa vidole viwili, nawaambia.

Mtufaha aliununua mke wangu. Alikuja tununue mzigo wa Idi, siku chache kabla ya mwaka mpya wa Wachina, wakati mitaa inajaa maua na kila nyumba inabeba chungu chake. Si mtufaha wa matunda ya kula. Huu matunda yake ni madogo kama shanga. Wenyewe wanauita haitang na wanaupendea maua. Ulinifika kiunoni, hauna jani la maana, maua ya rangi ya waridi matawi yote. Nikamwambia sisi hatuuzi miti.

"Na mimi siuzi," akanijibu. "Nataka kuutazama."

Sikukuu ikiisha, Wachina hutupa miti yao. Sanyuanli tunakopanga utaikuta imesimamishwa kando ya mapipa ya taka, mingine bado ina maua. Wa kwake akakataa usitupwe, akauweka kibarazani. Mwaka huo huo figo zikamshinda. Akabaki Dar akisafishwa damu, na safari za China kwake zikawa zimekwisha. Akanipa agizo moja tu: ukichanua tena, nimpigie simu ya video auone palepale, asiletewe picha ya jana.

Kumwagilia nilijua. Baridi ilipoingia, na ile mvua nyembamba inayopenya mpaka mifupani, nikaona haya kuuacha mti wa mke wangu nje. Mtu wa pwani ukimpa kitu akitunze, kwanza atakifunika. Nikauingiza chumbani, nikauwashia hita, shina nikalizungushia kitenge cha sampuli. Ukashika majani mabichi, mazuri. Nikapiga simu kwa majigambo, nikamwambia wenzangu hapa hata kitunguu hakiwaotei.

Akautazama sana. "Majani hata mchicha unayo, baba."

Tukacheka. Alipochoka kucheka akauliza kama maua yako upande wa nyuma, asioweza kuuona.

Aliyenieleza ni mama mmoja wa Kichina anayeuza kamba na magunia ya kufungia mizigo chini ya jengo letu. Nilimshushia mti autazame kama una ugonjwa. Akakagua vijiti, akagusa kitenge, akacheka mpaka akashika meza. "Bosi, huu mti wa kaskazini. Usipopigwa na baridi hautoi ua. Wewe umeulea kama mjukuu." Akaniambia hata ningeuacha kibarazani, baridi ya Guangzhou haitoshi, wauzaji huileta miti hii ikiwa imeshalala kwenye baridi ya huko inakotoka.

Basi mimi si mtu wa kushindwa na hali ya hewa. Msimu uliofuata nikatafuta ghala la baridi la mboga, nje kidogo ya mji, nikapanga kona kati ya karoti na vitunguu saumu. Mwenye ghala alizoea kutoza kwa kreti, hakujua mti mmoja autoze vipi. Tukavutana, tukaangukia bei ya siku kwa siku. Wapagazi wake wakanipa jina, bosi wa mti. Kila nikipata nafasi nilikwenda na koti langu kuugusa udongo, na nikirudi mjini nikiwatambia Watanzania wenzangu mezani: nyinyi mnawanunulia wake zenu dhahabu, mimi wangu nimemnunulia majira ya baridi.

Naye huko alikuwa anapungua. Simu alikuwa akishikiwa na binti yetu mkubwa. Siku moja akaomba aishike mwenyewe.

"Uje wewe," akasema. "Huo mti hata usipochanua."

Nikamwambia bado kidogo tu, ukitolewa sasa hivi baridi yote imepotea bure. Utoke, uchanue, auone, kisha nipande ndege. Mzigo hauachwi bandarini umebaki kutolewa tu, nikamwambia. Akasema haya. Mke wangu akisema haya, mazungumzo yamekwisha.

Binti alipiga nikiwa kwenye duka la zipu. "Baba, mama ametangulia."

Kwetu maiti hailazwi. Alizikwa baada ya alasiri, mimi nikiwa bado kwenye foleni ya uwanja wa ndege. Nilipofika, udongo wa juu ulikuwa umeshaanza kukauka. Shemeji zangu walinipokea vizuri, wakanipa kiti, wakaniuliza habari za safari. Hakuna aliyenilaumu, na nilikuwa nimejiandaa kulaumiwa, njia nzima nilikuwa napanga majibu. Nikakaa mpaka arobaini ikasomwa.

Niliporudi, mti ulikuwa palepale kwenye karoti, mkavu, vitumba vyake vyekundu kama vichwa vya kiberiti. Nikaubeba hadi kibarazani. Siku za joto zilipoanza ukachanua wote kwa pamoja, tangu chini mpaka nchani, kuliko hata siku aliyoununua. Mama wa kamba akapanda ngazi zote hizo kuja kuuona. Akapiga makofi. Akaniambia nimpigie mke wangu aone. Nikamjibu nitampigia.

Petali zilipodondoka nikaenda kumaliza hesabu na mwenye ghala. Alikuwa amesikia habari za msiba kwa wapagazi, akataka kunifutia siku zile nilizokuwa nyumbani. Nikamwambia aziandike zote, na hizo aanze nazo. Akanitazama, akabonyeza kikokotoo, akanigeuzia nisome: yuan elfu mbili mia tisa sabini na tano.