Nafasi ya Vyumba Viwili

Mtu akikuambia nyumba za kupangisha ni pesa za usingizi, mwache tu, hajawahi kupigiwa simu na mpangaji kwamba bomba limepasuka. Nyanchoka alipigiwa simu hizo kila wiki. Alikuwa na vyumba sita pale Ekerenyo, alivyovijenga kimoja kimoja kwa jasho la ndizi alizouza soko la Daraja Mbili miaka ishirini na miwili, na kila mlango aliujua kwa mlio wake.

Kati ya chumba cha nne na cha tano palikuwa na nafasi ya kutosha vyumba viwili. Hapo palisimama mgomba mmoja tu. Fundi Anyona, aliyemjengea vyote, nafasi ile ilimkera kuliko jino bovu.

"Mama, walimu wanahangaika kutafuta nyumba, na wewe unafuga mgomba! Nipe wiki tatu tu."

"Anyona, jenga unapoambiwa. Pale paache."

Wapo waliosema ni ukaidi, wapo waliosema amerogwa. Lo, binadamu hatukosi la kusema! Ukweli hakumwambia mtu, maana ulimuuma. Nyanchoka aliachika akiwa na miaka ishirini na sita, akarudi kwa wazazi mikono mitupu, bila mtoto. Na kwa desturi ya Wakisii, binti aliyerudi hana pa kuzikwa: kwa mume si kwake tena, na shamba la baba ni la wana wa kiume. Alikuwa ameona wenzake wakizikwa ukingoni mwa shamba, nje ya ua, kama wapita njia. Ndiyo maana aliponunua ploti ile hakuanza na mawe ya msingi. Alichimba chipukizi la mgomba nyuma ya jiko la marehemu mama yake, akalipanda pale, akajisemea, "Nyanchoka, hapa ndipo kwako." Vyumba vilikuja baadaye.

Omosa, kaka yake wa pekee, hakuwahi kukanyaga pale hadi mwaka jana, alipokuja kumsaidia kurudisha mabati yaliyong'olewa na upepo. Walipomaliza wakakaa barazani na chai. Omosa alivitazama vyumba vya dada yake kwa fahari, mara macho yakatua kwenye mgomba.

"Hiyo si ndizi ya mama?"

"Ndiyo."

"Sasa mbona umeipanda katikati ya nyumba za watu?"

Nyanchoka akaikoroga chai ambayo haikuwa hata na sukari. "Hapo ndipo nitakapolazwa siku yangu ikifika, Omosa. Sikutaka kukusumbua."

Omosa aliweka kikombe chini, akachukua kofia, akaenda zake bila kuaga. Wiki nzima Nyanchoka alijilaumu. Heri angefunga mdomo! Kaka ni mmoja tu, na sasa amemchukiza.

Jumapili simu ikalia: njoo nyumbani. Alimkuta Omosa kando ya kaburi la mama, pamoja na mzee Makori, ambaye kijiji kizima humwita kushuhudia mipaka. Mistari miwili ya majani chai ya Omosa, chai iliyosomesha wanawe, ilikuwa imeng'olewa. Mahali pake palikuwa na udongo mbichi na vigingi vinne.

"Dada, hapa ni pako," Omosa akasema. "Mzee ameona. Wanangu nimewaambia. Sitakubali ulale katikati ya wapangaji kana kwamba huna kwenu. Nilipaswa kusema kitambo, unisamehe."

Nyanchoka aliketi palepale kwenye udongo, akalia kwa sauti. Omosa naye akachuchumaa kando yake, akalia, wala hakujificha kwa mzee.

Jumatatu asubuhi Nyanchoka akampigia Anyona. "Njoo upime vile vyumba viwili."

"Hatimaye! Na mgomba niukate?"

"Ukate? Thubutu! Uchimbe taratibu, mizizi isiumie. Unarudi kwa mama."