Walikuwa Wakipalilia Mahindi

Nilipopelekwa kwenye yale makazi nilikuwa sijamaliza hata mwaka tangu nivae gauni la unesi. Nilitoka hospitali yenye wodi, madaktari na maji ya bomba. Huku nilikuta majengo manne ya bati upande wa Mgori, na ndani yake wazee wasio na mtu: vipofu wa trakoma, wagonjwa wa ukoma waliopona ugonjwa lakini wamebaki bila vidole, na wengine waliopooza wasioweza kujigeuza kitandani. Hakuna aliyekuja pale akategemea kurudi kwao. Walikuja kukaa mpaka mwisho.

Manesi tulikuwa wawili. Mwenzangu alikuwa metroni, mama wa Kinyiramba aliyekuwa na umri wa kunizaa, mwembamba, asiyependa maneno mengi. Lakini kazi haikuwa yetu peke yetu. Palikuwa na wahudumu, wanawake wa jirani, waliokaa kwenye matembe, nyumba za udongo zilizotuzunguka. Wao ndio walioteka maji, wakaosha wagonjwa, wakapika uji wa uwele na kulisha wasio na vidole. Sisi tulisafisha vidonda na kutoa dawa. Namna hiyo siku ilikwenda.

Kisha ikaja amri ya serikali watu wote wahamie kijiji kipya cha ujamaa. Malori yalikuja, watu wakapakia vyungu na kuku, matembe yakabomolewa. Wahudumu wetu waliondoka na waume zao na watoto wao, wangefanya nini? Mmoja alikuja kutuaga huku amebeba mlango wa tembe lake begani, na nyuma dereva anapiga honi. Metroni alimuuliza kiongozi wa msafara nani atabaki na wagonjwa. Akajibiwa kwamba jambo hilo linajulikana na litashughulikiwa.

Halikushughulikiwa. Tulibaki wawili na watu wale wote. Kisima kilikuwa bondeni, na ndoo tulibeba wenyewe. Mkirudi na maji mnachagua: kupika uji au kufua mashuka yaliyolowa. Ukimlisha huyu, yule anajichafua. Mtu aliyepooza anatakiwa ageuzwe mara kwa mara, asipogeuzwa nyama inaoza akiwa hai. Nilijua hivyo, nilifundishwa, na bado nikawa naona vidonda vikifunguka migongoni mwa watu waliokuja kwetu na ngozi nzima. Wakiniona na kitambaa mkononi wananiambia, pole binti, umechoka. Wao ndio walionipa pole. Hilo lilinikasirisha kuliko kama wangenitukana.

Metroni alikwenda mjini kuomba watu. Akarudi na jibu kwamba taifa linajitegemea, nasi tujitegemee. Tena tulime shamba la makazi, maana wenzetu wote wanalima. Alinieleza hayo akiwa anavua viatu, kisha akachukua ndoo akaenda kisimani.

Alikuwapo mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi ya reli huko Itigi, mrefu na mzito, miguu yote imekufa. Asubuhi moja metroni alikuwa anamnyanyua peke yake, mimi nikiwa jikoni. Mzee akateleza. Angemwachia angeumia mzee. Hakumwachia. Nilisikia sauti moja tu, nikakimbia, nikamkuta amekaa sakafuni na mzee kifuani pake, uso umemgeuka rangi. Mzee hakuwa na mchubuko. Metroni alikuwa ameumia mgongo, hakusimama tena siku hiyo, wala siku zilizofuata. Nilimtandikia godoro kwenye kona ya wodi, akawa mgonjwa wangu mwingine.

Wiki ileile akaja kiongozi kutoka wilayani kukagua shamba. Shamba halikulimwa. Akaingia wodini na suti yake ya mikono mifupi, leso puani, akamwona metroni kwenye godoro akiwa na sare yake.

"Huyu nesi mbona amelala saa za kazi?" akauliza.

Nikamweleza. Akasema watumishi wa siku hizi wamekuwa wavivu, kila mtu ana mgongo. Metroni alikuwa anasikia. Alifumba macho.

Nikamwendea yule kiongozi. Nikamwonyesha yule mzee wa reli kitandani.

"Ndugu," nikamwambia, "mzee huyu amelowa tangu alfajiri. Peke yangu simwezi. Nishikie miguu."

Akanitazama kama niliyemtemea mate, akatoka nje. Aliyeingia ni dereva wake, mtu mzima wa Manyoni. Alimwamkia mzee shikamoo, akanawa, akakunja mikono ya shati, tukamgeuza mzee, tukamwosha. Alipomaliza akauliza nani mwingine. Tuliwageuza wagonjwa watano huku bosi wake akipiga honi nje.

Niliitwa mjini kujibu kosa la kumdharau kiongozi, wagonjwa wakabaki na metroni asiyeweza kusimama. Nilikaa kwenye benchi mpaka jua likapinda. Ofisa aliyesimamia habari za afya akaniambia nichague: niombe radhi au niache kazi. Njia nzima nilikuwa nimeyapanga maneno makali. Sikuyasema. Nilijua nikifukuzwa hakuna nesi hata mmoja atakayebaki kule. Nikaomba radhi, nikiwa nimesimama, mikono nyuma kama mtoto wa shule. Kisha, kwa kuwa alionekana ameridhika, nikaomba wahudumu.

Akanyanyua simu. Akaongea na mtu wa kijijini, hata sigara yake haikuisha. Keshokutwa yake wakaja wanawake wawili, walewale wa zamani. Nikawauliza walikuwa wapi muda wote huo. Wakasema walikuwa wakipalilia mahindi ya kijiji, ng'ambo ya bonde, na kila siku waliona mabati yetu. Waliomba waruhusiwe kuja, wakakatazwa.

Metroni hakurudi kazini. Alistaafishwa kwa manufaa ya umma, ndivyo walivyoandika. Nilipopata likizo nilipanda basi mpaka Kiomboi nikamtafuta kwa kaka yake. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, ameegemea ukuta, hawezi tena kuinama kuwasha moto. Aliniuliza habari za wagonjwa, mmoja mmoja. Yule mzee wa reli alikuwa ameshafariki, nikamwambia. Nikamweleza pia habari ya ile simu na wale wanawake wawili wa ng'ambo ya bonde.

"Kumbe walikuwepo," akasema.

Nikamwambia ndiyo, walikuwepo.

Wifi yake alileta ugali na mlenda, tukala. Kwenye basi la kurudi nilianza kulia, na haikuwa huzuni, ilikuwa hasira iliyokosa pa kwenda. Mama aliyeketi karibu nami alidhani nimefiwa. Akanipa pole, nami nikaipokea.