Mzigo wa Kutoka Mnazi

Mama yangu ana hadithi moja anayoipenda kuliko zote. Inanihusu mimi, na si ya kweli.

Nyumbani huisimulia kwa Kishambaa, mbele ya wageni kwa Kiswahili. Anasema zamani, tulipokuwa tukishuka nyikani Mnazi kuvuna mahindi na kuyapandisha kwa miguu hadi kwetu mlimani, upande wa Mlola, watoto wa watu walikuwa wakitua mizigo kila penye jiwe. Mimi sikutua. Kutoka chini hadi mlangoni, kiroba kichwani, shingo wima. Hapo humalizia: "Nikajua tu, huyu hata mtihani hautamweza." Wageni hunigeukia kwa heshima, nami huinamia kikombe changu cha chai.

Nilikuwa natua. Natua penye jiwe, natua penye kivuli, na pasipo na jiwe wala kivuli natua vilevile. Nilikuwa mvivu wa kupigiwa mfano. Asiyetua alikuwa dada yangu mkubwa, na siku zile sifa zote za mama zilikuwa zake. Katika nyumba yetu kupanda bila kutua kulikuwa jambo zito kama kipaimara. Mama aliamini, na imani hii sijaisikia kwa mtu mwingine, kwamba mtoto anayefikisha mzigo wa Mnazi bila kuuteremsha ana moyo, na mwenye moyo hafeli shule.

Basi dada akafanya mtihani wa kidato cha nne, akapata ziro. Mama alishangaa kuliko dada mwenyewe. Haukupita muda dada akashika jembe, na habari ya shule ikaishia hapo. Ilipofika zamu yangu nami nikafeli, na hakuna aliyeshangaa. Ila mimi nilirudia. Mara ya pili nikafaulu, nikaendelea, nikasomea ualimu, na sasa nafundisha sekondari mjini Lushoto. Ndipo hadithi ya mama ikaanza kugeuka, polepole, mwaka huu neno hili, mwaka ujao neno lile, mpaka asiyetua akawa mimi. Mama hadanganyi. Ndivyo anavyokumbuka. Nilijaribu kumsahihisha, akaniambia nina bahati mbaya, nimeanza kuzeeka kichwani kabla yake.

Mwanzoni nilicheka. Siku hizi hadithi ile inanichanganya, na nisifiche, inaniudhi. Mimi ni mwalimu, natarajiwa kujua kwa nini mtoto huyu anafaulu na yule anafeli. Asubuhi nasimama mbele ya wanafunzi mstarini, ukungu umeshuka kutoka mlima Magamba hata wa safu za nyuma siwaoni, nawaambia mvumilivu hula mbivu. Na kila nikisema hivyo namkumbuka dada. Dada amevumilia mpaka uvumilivu wenyewe umechoka. Mbivu yake iko wapi? Nimeona watoto wenye moyo wa chuma wakifeli, na watoro wakifaulu. Nimeona pia watoro wakifeli kama inavyostahili, nikadhani nimeelewa, mwaka uliofuata wakanichanganya upya. Wazazi wakiniuliza siri ni nini nawajibu "juhudi," kwa sababu lazima nijibu kitu.

Mwaka huu matokeo ya kidato cha nne yalipotoka, binti wa dada alikuwa amefeli. Dada alitaka arudie mtihani. Binti hakutaka hata kusikia. Alikuwa ameshapatana na rafiki yake waende wakachume chai kwenye mashamba makubwa, na safari ilikuwa Jumatatu. Wiki hiyohiyo mchungaji wa usharika wetu alikuwa ameniomba nizungumze na vijana Jumapili baada ya ibada, juu ya kutokata tamaa katika masomo. Dada akanipigia simu.

"Njoo mapema uongee na mwanao," akasema. "Mimi hanisikii. Anasema nitamwambia nini kuhusu mtihani wakati mimi mwenyewe ulinishinda."

Nilifika Ijumaa jioni. Tulikula makande karibu na moto, maana baridi ilikuwa kali, na mama akaisimulia hadithi yake toka mwanzo. Dada alikuwepo. Alikwangua sufuria. Binti alisikiliza kwa makini kiasi cha kuniogopesha. Baadaye alinifuata nje nilipokuwa nasuuza vyombo.

"Mama mdogo, mimi sina moyo kama wako," akasema. "Mimi huwa nachoka. Nikisoma nikachoka, nakaa chini. Sasa mtu kama mimi arudie mtihani ili iweje?"

Nikimwambia kwamba nami nilikuwa nakaa chini, nitakuwa nimemwita bibi yake mwongo. Nisipomwambia, ataondoka Jumatatu kwa sababu ya hadithi. Halafu hata nikimwambia, bado ataniuliza: sasa wewe ulifauluje? Nikasema tutaongea kesho, kama wasemavyo walimu wote wasiojua.

Kesho yake hapakuwa na nafasi ya kuongea. Mahindi yetu yalikuwa bado kwenye kibanda kule Mnazi. Siku hizi huletwa na bodaboda, lakini mvua ilikuwa imeporomosha udongo barabarani na hakuna dereva aliyekubali kupita. Dada akasema twende tukachukue angalau ya kula. Tukashuka watatu, dada, binti na mimi, kwa njia ileile ya zamani. Tukajaza viroba, tukasokota ngata za khanga, tukatwikana, tukaanza kupanda.

Sikuwa nimebeba mzigo kichwani kwa miaka mingi. Shingo ilinikumbusha upesi. Tulipofika kwenye jiwe kubwa lililo katikati ya mlima, jiwe ninalolifahamu kuliko baadhi ya wanafunzi wangu, nilitua kama ilivyo kawaida yangu. Dada alisimama kutusubiri, kiroba kichwani. Binti naye akasimama. Alikuwa ameuma mdomo, macho yamemtoka, na hakutua.

"Tua upumzike," nikamwambia.

"Bibi amesema wewe hukutua."

Nikaelewa anachofanya. Alikuwa anajipima kwa mzigo wa bibi yake ili ajue kama ana moyo, na kama hana, Jumatatu aende zake. Nilitaka kupiga kelele. Kabla sijasema kitu dada akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Mama yako mdogo alikuwa anatua. Asiyetua nilikuwa mimi."

Binti alimgeukia. "Wewe? Lakini si ulifeli?"

Lilimtoka bila adabu, ila bila ubaya pia. Dada hakukasirika.

"Nilifeli," akasema. "Na kutua nilikuwa natamani, usidhani. Ila ningetua, nani angenitwika? Bibi yako alikuwa ametangulia mbele, na mtoto mgongoni. Huyu mwalimu alikuwa kafupi, hafiki kichwani kwangu. Yeye akitua, mimi namtwika. Mimi nikitua, si nitalala hapohapo?"

Alisema hivyo kama mtu anayemwelekeza mgeni njia ya sokoni. Mimi ndiye niliyelazimika kukaa chini. Maana nilikumbuka: dada anakunja magoti taratibu, shingo haipindi, mkono mmoja umeshika mzigo wake, mwingine unanyanyua wangu mpaka unakaa kwenye ngata yangu. Miaka yote nilikuwa nimekumbuka kila jiwe nililotulia. Namna nilivyoinuka kutoka kwenye yale mawe sikuikumbuka hata siku moja. Na hapohapo nikakumbuka mwaka niliorudia mtihani. Dada alilima sehemu yake ya shamba na yangu, akaniambia nibaki ndani nisome. Alipofeli yeye, hakuna aliyemwambia abaki ndani. Iliniuma sana. Kisha nikashikwa na hasira, na nikamkosa wa kumkasirikia.

Binti akatua. Akaketi juu ya kiroba chake akalia, tukamwacha alie. Alipomaliza alijifuta uso kwa ncha ya khanga, akauliza bila kututazama:

"Nikirudia nitasomea wapi? Nyumbani kuna shamba."

"Kwangu, mjini," nikasema.

"Na shamba?"

"Sehemu yako nitakuja kulima mimi, likizo na Jumamosi."

Dada akacheka, kicheko cha kunitania nilichokikosa siku nyingi. "Wewe? Utalima au utatua jembe kila penye kivuli?"

"Nitatua," nikamjibu. "Kisha nitalima."

Binti hakusema ndiyo. Alitoa simu, akaandika ujumbe kwa yule rafiki yake, akatuonyesha. Alikuwa ameandika kwamba Jumatatu hatakwenda. Sijui kama atafaulu. Sikujua hata Jumapili nitawaambia nini vijana wa usharika, maana lile nililokuwa nimepanga kuwaambia lilikuwa limebaki chini ya mlima.

Nilikuwa bado nawaza hayo nilipomwona dada akilisogelea jiwe. Alikunja magoti, akashika kiroba kwa mikono miwili, akakiteremsha. Sikuwahi kumwona akifanya hivyo. Alijinyoosha, akashika kiuno, akatazama nyika yote ya Mnazi kule chini kana kwamba ni mara yake ya kwanza kupita njia hii.

"Kumbe hapa pana upepo mzuri," akasema.

Tulikaa mpaka alipotosheka mwenyewe. Kisha mimi na binti tukashika kiroba chake, kila mmoja upande wake, tukamtwika.