Jua Amechomoza

Hadi leo nikikata kitunguu cha Mang'ola, kinachonijia akilini ni kitabu. Msicheke. Vitabu vya Madam Foibe vilifika Karatu ndani ya malori ya vitunguu yaliyokuwa yakirudi matupu kutoka Arusha, mikononi mwa madereva aliowabembeleza wamtazamie kwenye meza za vitabu chakavu. Hata aviache dirishani wiki nzima, vilinuka vilevile.

Madam Foibe alikuwa mkutubi wa maktaba ndogo nyuma ya kanisa letu. Tangu ujana wake alikuwa akikusanya kazi za mwandishi mmoja tu, aliyejiita Mtu wa Huku. Jina lake halisi halikujulikana, wala hiyo huku ilikuwa wapi. Vilikuwa vijitabu vyembamba vya hadithi za wakulima na ng'ombe wao, naye alivijalidi kwa karatasi za kaki na kuvifungia kabatini. Daftari lake lilijaa maswali. Mwandishi anataja baridi. Je, ni Lushoto? Anataja ngano; je, ni Njombe? Wenzangu walisema amerogwa. Mimi nilipenda kumsikia akiwaza kwa sauti, na baada ya shule nilikuwa sibanduki pale.

Baba yake alitoka Dodoma kuja kuchuma kahawa Oldeani, kwa hiyo Madam alikulia kambini kwa Kiswahili, na Kiiraqw chake kiliishia kwenye salamu. Mimi nilikuwa Mwiraqw, namba moja darasani kwa Kiswahili, na kiburi kilinijaa hadi utosini. Nilimsahihisha kila mtu, hasa bibi yangu, tena mbele ya wageni, mpaka mama akawa ananifinya.

Siku moja lori lilileta chapa ya kwanza ya kijitabu cha kwanza kabisa. Madam alinikabidhi nikishike huku akienda kutafuta karatasi ya kaki. Nikafungua. "Jua amechomoza, naye ametuona." Nilishtuka. Amechomoza? Mwalimu wetu angetuchapa! Nikatoa kalamu yangu nyekundu, nikakata, nikaandika juu yake limechomoza. Mbele nikakuta jua amechoka, jua amekasirika. Nikakata yote. Madam aliporudi nilikuwa ukurasa wa tisa, nikisubiri kupongezwa.

Aliketi taratibu, akakichukua kitabu mikononi mwangu.

"Marselina, hiki nimekitafuta tangu sijaolewa."

Chapa za baadaye, alinieleza, zilisahihishwa na wachapaji. Hii ndiyo nakala pekee aliyowahi kuipata yenye makosa ya mwandishi mwenyewe, na makosa hayo ndiyo aliyoyataka, ajue ni mtu wa wapi anayekosea hivyo. Nikaangua kilio.

"Lakini Madam, hilo ni kosa la bibi!" nikajitetea. "Hata yeye husema jua amechomoza. Namkataza kila siku!"

Akanigeukia. "Bibi yako? Kwa nini aseme hivyo?"

Sikuwahi kufundishwa jibu, nililijua tu. Nikamweleza nikivuta kamasi kwamba kwetu jua ni Looaa, na kwa wazee Looaa ndiye Mungu, naye ni mama. Na mtu hawezi kusema mama limechoka. Madam alicheka huku machozi yakimtoka, akafungua daftari, akafuta Lushoto, akafuta Njombe.

Jumamosi alikuja kwetu amsikilize bibi. Bibi alimkaribisha kwa maziwa, akazungumza mchana kutwa kwa Kiiraqw, bila kutamka neno hata moja la Kiswahili. Madam alikuwa na hamu kubwa ya kuyasikia yale makosa kinywani mwake, ila hayakuja. Akaniuliza kama bibi hajui Kiswahili.

"Anajua sana," nikamjibu nikicheka, "ila siku hizi hataki." Kisha nikaendelea kufasiri, nikijiona mtu wa maana.

Nilikuwa mtu mzima, na bibi ameshazikwa, nilipojiuliza ni lini hasa alianza kutotaka, na kwa sababu ya nani. Iliniuma, na bado inaniuma. Siku ile ya kalamu nyekundu nililia nikidhani nimeharibu kitabu.