Walitazama Magoti Tu

Mtaani walimwita Fundi, na kwa kushona sare za shule hakuwa na mpinzani. Kazi aliifanyia sebuleni, pini kazibana midomoni, na amri zote za nyumba zilipita hapohapo katikati ya pini. Waliomzoea walimwelewa.

Binti yake wa pekee aliugua viungo tangu hajaanza shule. Magoti yalivimba, vifundo vya mikono vikikaza kila asubuhi. Fundi aliyajua magoti yale kuliko cherehani yake. Aliyakanda, akayapima kwa utepe, akamsimulia daktari kila uvimbe. Mtoto akianguka kwenye ngazi, magoti. Akiyumba gizani akienda chooni, magoti. Daktari naye akaitikia, akaandika magoti.

Kisha kikaja kile walichokiita kiburi. "Lete mkasi!" Kimya. "We mtoto, lete mkasi!" Mtoto kainamia daftari lake, habari hana.

Shangazi mtu hakumung'unya maneno. "Wifi, umemdekeza. Ugonjwa wa miguu haujamziba masikio. Sikio la kufa halisikii dawa!"

Basi Fundi akaanza kumchapa kwa utepe uleule wa kupimia. Alimchapa mgongoni, maana magoti yalikuwa yanauma. Hiyo ndiyo ilikuwa huruma yake.

Mwaka huo dawa zikakubali. Magoti yakanywea, lakini mtoto akazidi kuanguka, na Fundi akakosa cha kusingizia. Kliniki walimkuta daktari mgeni, mwanamke asiye na haraka. Alimsimamisha mtoto, akamwambia afumbe macho. Mtoto akapepesuka, mama akamdaka. Kisha daktari akajiziba mdomo kwa faili, akasema kwa sauti ya kawaida, "Chukua peremende hapo mezani."

Mtoto akabaki analitazama faili. Daktari alipolishusha na kurudia maneno yaleyale, aliichukua peremende huku anacheka.

"Anasoma midomo," daktari alisema. "Hata ndani ya sikio kuna vifupa vyenye viungo, mama. Ugonjwa huu unaweza kufika huko, hata ndani zaidi, kwenye sehemu ya sikio inayotusaidia kusimama bila kuyumba. Alipaswa kupimwa zamani. Kifaa cha kusikia kitamsaidia, ila siwezi kukuahidi kwamba kilichopotea kitarudi."

"Miaka yote hii mmetazama magoti tu!" Fundi alifoka.

Daktari hakubisha, na hilo lilimuuma Fundi zaidi. Angebishiwa, angalau angepata wa kugombana naye. Sasa hasira yote ilimrudia mwenyewe, kwa sababu midomo iliyojaa pini ilikuwa yake.

Nje, kwenye benchi la wagonjwa, alimgeuza binti yake wakatazamana uso kwa uso. Akamuuliza polepole, "Mbona hukuniambia kwamba husikii, mwanangu?"

Mtoto alishangaa. Alijibu kwa sauti kubwa mno, hata watu wakageuka.

"Mimi nilidhani umechoka kuongea na mimi, mama. Siku hizi unanipiga tu."