Nafasi ya Nne ya Alhamisi

Msiniambie mimi kwamba Xaveria hana adabu. Nimechoka kulisikia hilo. Kila wiki lazima mzee mmoja aje dirishani kwangu, maabara, kulalamika: "Yule binti wa mapokezi hasalimii! Nimepiga simu, hata shikamoo hakuna, ananiuliza jana usiku nililala au nilikaa!" Namwambia, baba, jibu tu ulichoulizwa.

Mwaka wa sita huu tuko wote kwenye zahanati ya Daktari Heriel, huku barabara ya Bonga. Zamani salamu zake ndizo zilizokuwa zinaniudhi. Simu ikilia, anaanza: shikamoo, za nyumbani, mahindi yanaendeleaje, wajukuu hawajambo? Foleni imefika mlangoni, mwenzenu anacheka na bibi wa watu kwenye simu. Ndiyo maana walimpenda.

Kazi yake ngumu ni daftari la Alhamisi. Siku hiyo daktari anapanda pikipiki kuwafuata wagonjwa wasioweza kuja. Nyumba nne tu, zaidi ya hapo hawezi, na anayezipanga ni Xaveria.

Masika yaliyopita, Jumatano mchana, ilibaki nafasi moja. Akapiga simu Mama Amos wa Nakwa, mama mtu mzima, mgonjwa wetu wa moyo. Nilikuwa nimesimama pale na majibu ya vipimo, na simu ilikuwa kwenye spika.

"Marahaba mwanangu. Sisi wazima kabisa, tunamshukuru Mungu. Na mama yako huko Dareda, mguu unaendeleaje?"

Wakaongea mguu, wakaongea mvua. Mwishoni kabisa, karibu anaaga, ndipo akasema, "Ni pumzi tu, mwanangu, inasumbua kidogo. Usiku nakaa kwenye kiti. Daktari akipata nafasi, basi. Asijisumbue."

Hata kalamu Xaveria hajashika, ikaingia simu ya Nangara. Mtoto wa Mzee Baltazar huyo, salamu hana: "Baba anakufa! Mnataka afe ndiyo mje?"

Xaveria akaniangalia. Nami, Mungu anisamehe, nikasema, "Si umemsikia Mama Amos, wazima kabisa? Msogeze Alhamisi ijayo."

Akamwandika Baltazar, Mama Amos akampigia kumwambia ni Alhamisi ijayo.

Huyo Baltazar alikuwa amevimbiwa nyama! Daktari alimkuta kibarazani anachokonoa meno. Tulicheka sana siku hiyo, mimi na Xaveria, na nikikumbuka kile kicheko najichukia.

Jumanne akaingia Jenipher, binti wa Mama Amos, kanga kichwani, matope mpaka magotini. Nakwa kulikuwa hakupitiki, alikuja kwa miguu. Xaveria akafurahi kumwona.

"Karibu mdogo wangu! Habari za nyumbani?"

"Nzuri tu, dada. Za kazi?"

"Nzuri. Mama anaendeleaje?"

"Mama tumemzika jana."

Alisema polepole, kama anaomba radhi kwa kutusumbua. Mama Amos alifia kwenye kiti, alfajiri ya Jumamosi.

"Nimekuja kusema daktari asihangaike Alhamisi," akaendelea. "Barabara ni mbaya. Hiyo nafasi mpeni mwingine."

Xaveria akainamia daftari la Alhamisi. Pole ilibidi niiseme mimi, tena kwa sauti ndogo. Jenipher akaitikia, akatushukuru kwa kumpangia mama yake daktari, akatutakia kazi njema, akarudi kwenye matope.