Sitini za Bibi Lango

Kaka yangu alikuwa fundi friji, na kila Jumamosi mchana kazi ikipungua aligeuka mtoto. Aliulaza mlango wa friji bovu juu ya kreti mbili, ikawa meza, na juu yake watu wazima na akili zao walirusha dadu hadi jua likazama. Mimi nilikuwa nakwenda kumwona wifi yangu, mkewe. Wao niliwapita nikiguna.

Mchezo wenyewe ni wa kusimuliana. Mmoja, yaani kaka, husimulia safari. Wengine hujifanya mashujaa ndani yake. Na pakitokea jambo la kufa na kupona, dadu huamua. Kila mhusika ana kadi yenye alama za mambo sita: nguvu, wepesi, stahamala, akili, busara na mvuto. Mashujaa hupewa alama nono. Watu wadogo, muuza maji au mchunga punda anayetokea mara moja akaenda zake, wasimulizi wengi huwapa kumi kila mahali na kuwasahau. Kaka hakuweza. "Hakuna mtu wa kumi kumi," alisema. Kwake kila mtu mdogo alipata sitini kamili, ila kwa mgawo wake mwenyewe: ukimpunguzia nguvu, unamwongezea akili, ukimnyima akili, unampa mvuto. Alama haitupwi. Mwalimu wa hesabu, rafiki yake wa siku nyingi, alijumlisha kila kadi kwa vidole na hakuwahi kumkamata.

Mtu mdogo aliyependwa kuliko wote alikuwa Bibi Lango, mlinzi wa mji ambao mashujaa waliurudia baada ya kila safari. Sauti yake ilitoka jikoni. Wifi, mwiko mkononi, alifoka bila hata kugeuka: "Mnatoka wapi na matope hayo? Futeni miguu. Yote miwili!" Na dereva wa lori waliyemwita Breki, jitu la kuziba mlango, alifuta viatu vyake vya kweli sakafuni kwa woga.

Kadi ya Bibi Lango ilikuwa na mvuto kumi na tatu, kwa ajili ya ule ulimi, na busara tisa.

"Tisa?" wifi alilalamika. "Kwa hiyo umeoa mjinga?"

"Nimeoa mdomo," kaka alijibu. "Busara imelipia."

Nilicheka hata mimi niliyekuwa naguna.

Kiharusi kilimpata wifi akianika nguo. Kilichukua mkono wa kulia, kikachukua na maneno. Alibakiwa na sauti moja tu, "aa", ya ndiyo na ya hapana, ya njaa na ya hasira.

Mtu mwingine angelia. Kaka yangu alianza kutafuta alama zilikokwenda.

"Umeona, mdogo wangu, mkono wa kushoto ulivyokuwa hodari?" aliniambia. Siku nyingine alikuja mbio: "Amesikia pikipiki kabla yangu! Masikio yameongezeka." Alimwosha, alimlisha, alimgeuza kitandani, hilo silikatai, mume kama yule ni wa kutafuta kwa tochi. Lakini kila alipomsifu, wifi aligeuza uso ukutani. Nilimwona. Mwanamke amepoteza nusu ya mwili wake, na mumewe anampongeza. Alichotaka ni mtu mmoja tu, huyo huyo, akiri kwamba kilichokwenda kimekwenda.

"Kaka, mwambie pole basi," nilimwambia.

"Pole ya nini, na mtu anapanda alama?"

Nilimkata jicho, nikaenda kuosha vyombo kwa kelele.

Jumamosi moja aliuhamishia mchezo chumbani. Mlango wa friji ukawekwa kando ya kitanda, wachezaji wakabanana. Breki aliinama: "Shikamoo, Bibi Lango," na pembe ya mdomo wa wifi ikacheza kidogo. Ndipo kaka akatoa kadi mpya, kwa furaha ya mtu anayeleta zawadi.

"Mvuto umeshuka mpaka tano," alimwambia mkewe, "lakini tazama busara. Kumi na saba! Mji mzima hakuna wa kukufikia."

Mwalimu alijumlisha. Sitini.

Wifi aliinyakua ile kadi kwa mkono wa kushoto, akaashiria apewe kifutio. Alifuta kumi na saba mpaka karatasi ikakaribia kuchanika. Kisha akaomba penseli, akaandika tisa, iliyolala upande kama mlevi.

Kaka alihesabu. "Lakini sasa ni hamsini na mbili," alisema. "Nane zimekwenda wapi?"

Wifi alimtazama. Akafungua kiganja cha kushoto mbele ya uso wa mumewe, akakigeuza huku na huku ili aone vizuri. Hakikuwa na kitu.

Kaka alikitazama kiganja kile, akaangukia ubavuni mwa kitanda, akalia kwa kwikwi kama mtoto. "Pole," alisema. "Pole, mke wangu. Pole sana." Na wifi, kwa mara ya kwanza tangu augue, akalia naye, "aa, aa", kile kiganja kitupu akiwa amekiweka juu ya kichwa cha mumewe. Tulitoka nje tukawaacha. Breki alikuwa akipenga kamasi kwa pembe ya shati lake.

Baada ya siku ile haikuwa nyumba ya furaha, lakini walau walikuwa wawili ndani ya msiba mmoja. Kiharusi cha pili hakikusubiri sana, na hicho kilimchukua mzima. Waliokuja kutufuta machozi walisema amepumzika, kwamba kila jambo lina heri yake. Kaka aliwashukuru kwa kuja. La heri hakuliitikia.

Aliporudia mchezo, na mimi nilivuta kiti nikakaa, bila kualikwa. Mashujaa walikuwa wanarudi mjini.

"Tumefika langoni, tunabisha hodi," Breki alisema kwa mazoea, kisha akauma mdomo. Jikoni palikuwa kimya.

Mwalimu alinong'ona, "Fundi, weka mlinzi mwingine. Mpe kumi kumi, tupite."

"Lango liko wazi," kaka alisema. "Mlinzi hayupo."

"Na nafasi yake?"

"Haijazwi."

Breki alisimama, dari ikamkaribia. "Basi kabla sijaingia," alisema, "nafuta miguu." Akafuta kweli, kiatu cha kulia, taratibu, kwenye sakafu ile ile, akataka kukaa.

Kaka alikuwa anatazama mlango wa jikoni.

"Yote miwili," alisema.